Soweto ipi? Somo la waongoza ndege kwa watengenezaji programu

Leo tuache simu na tarakilishi kidogo, tuangalie angani. Msiwe na wasiwasi, tutarudi kwenye programu kabla ya kumaliza, maana ndizo zinazonilipia kodi ya nyumba.

Kuna kitu ambacho watengenezaji programu wenzangu hupenda kukicheka. Wanasema: tazama, dunia ina setilaiti, ina intaneti, ina simu zinazotambua uso wa mwenyewe, lakini ndege ya abiria mia tatu bado inaongozwa na watu wawili wanaozungumza kwa redio. Mmoja anasema, mwingine anarudia alichoambiwa, kama watoto wa chekechea wakifundishwa irabu. "Si watengeneze programu moja tu wamalizane na kelele hizo?"

Mimi nasema wanaocheka hawajaelewa kazi inayofanyika pale. Wanadhani kazi ni kufikisha ujumbe. Kufikisha ujumbe ni rahisi, hata sisi tunaweza. Kazi yenyewe ni kuhakikisha kwamba ujumbe uliotoka kwa huyu ukiwa na maana moja umefika kwa yule ukiwa na maana hiyo hiyo. Hilo ni gumu, na sisi wa programu tunalifanya vibaya kila siku.

Ndege hupewaje njia?

Chukua safari ya Nairobi kwenda Mombasa. Kabla ndege haijaondoka, kampuni yake hutuma mpango wa safari kwa wahusika. Ndani yake kuna aina ya ndege, saa ya kuondoka, kasi, kimo inachotaka na njia itakayopita. Njia hiyo ni orodha ya nukta zenye majina, pamoja na majina ya barabara za angani zinazoziunganisha. Lakini mpango huu ni ombi tu. Si ruhusa.

Mwongoza ndege hulitazama ombi hilo pamoja na maombi ya ndege nyingine zote, hali ya hewa na maeneo yaliyofungwa. Anaweza kulikubali lilivyo, au akabadilisha njia au kimo. Kisha hutoa kibali, ambacho kwa kawaida hueleza mambo haya:

1. Kibali kinafika wapi (mara nyingi ni uwanja wa mwisho wa safari).
2. Njia ya kufuata, pamoja na utaratibu wa kuondoka uwanjani.
3. Kimo cha kupanda kwanza.
4. Masafa ya redio ya kuita baada ya kuondoka.
5. Namba ya kuweka kwenye transponda, kile chombo kinachoitambulisha ndege kwenye rada.

Hiyo namba ya transponda itawafurahisha wanaprogramu. Ina tarakimu nne, na kila tarakimu ni kati ya 0 na 7. Hakuna 8 wala 9. Ukizidisha 8 mara nane mara nane mara nane unapata 4,096, yaani biti 12 kamili. Chache kati ya hizo zimetengwa: 7700 ni dharura, 7600 ni redio iliyokufa, 7500 ni ndege iliyotekwa.

Kimo nacho hakitolewi kwa kubahatisha. Kwa kanuni ya kawaida ya kimataifa, ndege zinazoelekea upande wa mashariki hupewa maelfu ya futi yasiyogawanyika kwa mbili, na zinazoelekea magharibi hupewa yanayogawanyika. Kwa hivyo ndege ya kwenda Mombasa inaweza kupewa futi 25,000, na inayorudi Nairobi ikapewa 24,000. Zikikutana juu ya Tsavo, futi elfu moja ziko kati yao. Hakuna algorithimu ngumu hapo. Ni kanuni ambayo mtu yeyote anaweza kuikumbuka hata akiwa amechoka.

Baada ya kibali kusomwa, rubani hukirudia. Hii si adabu, ni sheria. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, linataka rubani arudie vibali vya njia, ruhusa zote za kuingia, kuvuka, kutua au kuruka kwenye njia ya kurukia, na maagizo ya kimo, mwelekeo na kasi. Na mwongoza ndege naye analazimika kusikiliza yanayorudiwa na kurekebisha papo hapo kukiwa na kosa. Kwa hivyo ujumbe unaenda, unarudi, halafu unathibitishwa.

Jambo moja zaidi kabla hatujaendelea. Kibali cha njia si ruhusa ya kuondoka. Ndege ikishapewa njia hadi Mombasa, bado haina ruhusa ya kusogea. Itaomba ruhusa ya kusukumwa nyuma, ruhusa ya kutembea uwanjani, ruhusa ya kuingia kwenye njia ya kurukia, na mwisho ruhusa ya kuruka. Kila moja ni ruhusa yake.

Ukiuliza kwa nini wanajisumbua hivyo, jibu limeandikwa kwa damu.

Neno moja, maana mbili

Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana chini, kwenye ukungu. Watu 583 walikufa. Hadi leo hakuna ajali ya ndege iliyoua watu wengi kuliko hiyo.

Ndege ya KLM ilikuwa imesimama mwisho wa njia ya kurukia. Ile ya Pan Am ilikuwa bado inatembea juu ya njia hiyo hiyo. Mnara uliipa KLM kibali cha njia, yaani ya kufuata baada ya kuondoka. Ndani ya kibali hicho mlikuwa na neno la Kiingereza "take-off", kwa sababu kilieleza upande wa kugeukia baada ya kuruka. Rubani msaidizi akarudia kibali na kumalizia kwa kusema kitu kama "sasa tuko kwenye take-off". Mnara ukaelewa kwamba wapo tayari, wanangoja. Kumbe ndege ilikuwa imeshaanza kukimbia.

Mnara ukawaambia wangoje. Wakati huo huo Pan Am nao wakaita kusema bado wako njiani. Redio za ndege hazibebi sauti mbili kwa pamoja; wakiongea wawili, msikilizaji anapata mluzi. KLM wakasikia mluzi. (Mliosoma mitandao chuoni mnajua pakiti mbili zikigongana huwaje. Hapa hapakuwa na wa kutuma tena.)

Baada ya ajali hiyo, neno "take-off" lilitengwa. Siku hizi hutamkwa tu wakati wa kutoa ruhusa yenyewe ya kuruka, au ya kuifuta. Kwingine kote husemwa "departure". Wanaprogramu, si mnakitambua hiki? Ni neno lililohifadhiwa, kama vile huwezi kuita kigeu chako "if" au "return". Walirekebisha lugha yenyewe, hawakuishia kuwaambia watu wawe waangalifu zaidi.

Haya, basi tuandike badala ya kuongea

Hapa ndipo wenzangu husema: unaona, tatizo ni sauti. Wape kibodi.

Kibodi ipo. Juu ya bahari kubwa, na katika anga la juu la Ulaya, vibali vingi hutumwa kwa maandishi kati ya mwongoza ndege na rubani. Inasaidia sana, hakuna mluzi wala lafudhi. Lakini maandishi huondoa tatizo la kusikia tu. Tatizo la maana linabaki pale pale.

Tarehe 20 Desemba 1995, ndege ya American Airlines aina ya Boeing 757 ilikuwa ikitoka Miami kwenda Cali, Colombia, usiku. Mwongoza ndege aliwapa kibali cha kwenda Cali na kuwataka waripoti kituo kilichoitwa Tulua. Marubani wakaelewa kwamba wameruhusiwa kwenda moja kwa moja hadi Cali. Walipoingiza hivyo kwenye tarakilishi ya ndege, ikafuta vituo vya katikati, Tulua kikiwemo.

Baadaye walitaka kuelekea kituo kiitwacho Rozo, ambacho kwenye ramani ya karatasi kilikuwa na herufi R. Wakaandika R. Tarakilishi ikawapa orodha ya vituo vyenye R, na cha kwanza kikachaguliwa. Cha kwanza hakikuwa Rozo. Kilikuwa Romeo, kituo kingine karibu na Bogotá, mbali sana upande wa mashariki. Ndege ikageuka kimya kimya kuelekea milimani. Kati ya watu 163 waliokuwamo, wanne tu walipona.

Kuna jambo kwenye uchunguzi wa ajali hiyo ambalo sisi wasemaji wa Kiswahili tunapaswa kulisikia vizuri. Mwongoza ndege alieleza kwamba maombi ya marubani hayakumwingia akilini, lakini Kiingereza chake hakikutosha kuwauliza zaidi. Wangekuwa wasemaji wa Kihispania, angewauliza. Alikuwa na swali, ila hakuwa na lugha ya kuliuliza. Tangu 2008 ICAO inataka marubani na waongoza ndege wa safari za kimataifa wapimwe uwezo wao wa lugha inayotumika redioni, na ajali kama hii inaonyesha sababu.

Basi tuachie tarakilishi yenyewe iamue

Sawa. Tarehe 28 Agosti 2023, nchini Uingereza, tarakilishi ilikuwa peke yake kazini. Mfumo unaopokea mipango ya safari na kuiandaa kwa ajili ya waongoza ndege ulipokea mpango wa ndege iliyokuwa ikitoka Los Angeles kwenda Paris, ikipita juu ya Uingereza. Mpango wenyewe ulikuwa halali kabisa. Lakini ndani ya njia mlikuwa na nukta mbili zenye jina moja, DVL. Moja ni Deauville, Ufaransa. Nyingine ni Devils Lake, North Dakota, Marekani. Umbali kati yake ni kama maili 4,000 za baharini.

Mfumo ulitafuta mahali ndege itakapotokea kwenye anga la Uingereza, ukashika DVL isiyo yake. Hesabu ikaonyesha ndege inatoka Uingereza kabla ya kuingia. Haiwezekani! Mfumo ukafanya kile ulichoandikiwa kufanya ukikutana na lisilowezekana: ukajifunga. Mfumo wa akiba ukachukua kazi, ukasoma mpango ule ule kwa programu ile ile, nao ukajifunga. Yote hayo kwa chini ya sekunde 20. Kuanzia hapo watu waliingiza mipango kwa mikono, safari zikapunguzwa, na abiria zaidi ya 700,000 wakavurugikiwa.

Nataka niwatendee haki walioandika mfumo huo. Ulikataa kuwapa waongoza ndege habari za uongo, na hakuna ndege iliyogongana na nyingine. Kukataa kulikuwa sahihi. Kosa ni kukataa kila kitu kwa sababu ya kimoja. Ni kama karani wa benki ambaye hundi moja ina utata, halafu anafunga tawi zima na kwenda nyumbani.

Swali la mtu wa bodaboda

Sasa njooni Nairobi. Panda bodaboda, mwambie dereva, "Nipeleke Soweto." Atafanya nini? Hatawasha pikipiki. Atageuka akuulize, "Soweto ipi? Ya Kayole au ya Kahawa West?"

Hajasomea uongozaji wa ndege huyo. Hana mfumo wa akiba. Lakini amefanya mambo mawili ambayo mashine za Cali na Uingereza hazikufanya. Kwanza, ametambua kwamba jina moja lina maana mbili. Pili, hakuchagua ya kwanza kwenye orodha wala hakuzima pikipiki na kufunga stage nzima. Aliuliza, tena aliuliza kabla ya kuondoka, wakati jibu bado lina faida.

Huo ndio msimamo wangu leo. Mfumo salama ni ule unaojua kuuliza "ipi?", uwe wa watu au wa mashine. Sauti ya redio imedumu miaka yote hii kwa sababu ina nafasi ya kuuliza. Rubani anaweza kusema "rudia". Anaweza kusema "siwezi", na hilo ni jibu halali kabisa kwa kibali. Mwongoza ndege akisikia sauti yenye wasiwasi, anauliza. Ukitaka kuiondoa sauti, niambie kwanza swali litaulizwa wapi.

Kurudia maneno si kurudia maana

Msije mkasema nayapamba ya zamani. Kurudia nako kuna udhaifu wake, na Japani iliuona juzi tu.

Tarehe 2 Januari 2024, katika uwanja wa Haneda, Tokyo, ndege ya Japan Airlines aina ya Airbus A350 iliyokuwa ikitua iligonga ndege ndogo ya walinzi wa pwani iliyokuwa imesimama kwenye njia ya kurukia. Watu wote 379 wa Airbus walitoka wakiwa hai kabla ndege haijateketea. Watano kati ya sita wa ndege ndogo walikufa. Walikuwa wanabeba misaada ya waathiriwa wa tetemeko la ardhi la siku iliyotangulia.

Mnara ulikuwa umewaambia walinzi wa pwani kwamba wao ni namba moja, watembee hadi sehemu ya kungojea. Walirudia maneno hayo sawasawa, bila kosa. Lakini waliingia kwenye njia ya kurukia wakiamini wameruhusiwa. Mnara ulimaanisha namba moja kwenye foleni ya kuondoka. Namba moja kwenye foleni bado anangoja, lakini neno lenyewe lina harufu ya "zamu yako imefika". Baada ya ajali, Japani ilisitisha kwa muda matumizi ya namba hizo za foleni redioni.

Kwa hiyo kumrudishia mtu maneno yake ni mwangwi tu. Hata ukuta wa pango unaweza. Kinachohitajika ni kurudisha ulichoelewa.

Na hapa tuna mfano mzuri nyumbani. Ukituma pesa kwa M-Pesa, unaandika namba ya simu. Mfumo ungeweza kukurudishia namba ile ile uliyoandika, nawe ungeitazama bila kuiona. Badala yake unakuonyesha jina la mwenye namba na kukupa nafasi ya kusitisha. Namba uliyoandika, jina umerudishiwa. Hiyo ndiyo tofauti ya mwangwi na maana, na imeokoa pesa za watu wengi.

Tufanye nini sisi?

Wengi wetu hatutawahi kuandika programu ya kuongoza ndege. Lakini tunaandika programu za zahanati, za shule, za sacco, za mashamba. Ebu fikiria zahanati yenye wagonjwa watatu wanaoitwa Mary Wanjiku. Muuguzi ana foleni hadi nje, anaandika jina, programu inaleta orodha, na wa kwanza ameshachaguliwa tayari. Hiyo ni Cali ndogo. Tofauti ni kwamba atakayepewa dawa isiyo yake ni mtu mmoja, na habari zake hazitafika gazetini.

Kwa hivyo nina mambo manne ninayoyafuata, na ninawaomba wenzangu myafikirie:

1. Jina si kitambulisho. ICAO hutumia majina ya herufi tano kwa nukta nyingi ili kila moja iwe ya pekee duniani. Vifupisho vya herufi mbili au tatu hujirudia. Katika hifadhidata yako, usitegemee kinachoweza kujirudia.

2. Majibu yakiwa zaidi ya moja, usichague. Uliza. Usimwekee mtu la kwanza likiwa tayari limebanwa, eti kumpunguzia kazi.

3. Unapothibitisha, rudisha maana. "Una uhakika?" si uthibitisho, kwa sababu kila mtu hubonyeza ndiyo bila kusoma. Mwambie: unampa dawa Mary Wanjiku, miaka 34, wa Njoro. Hapo atashtuka kama siye.

4. Ukikataa, kataa kidogo. Rekodi moja mbovu iwekwe kando ikamngoje binadamu, nyingine ziendelee. Na usijidanganye kwamba seva ya pili yenye programu ile ile ni akiba. Dhidi ya umeme kupotea, ndiyo. Dhidi ya kosa lililo ndani ya programu, hapana.

Najua kuna watakaosema kuuliza-uliza kunachelewesha, mteja anataka bonyezo moja. Kweli, kunachelewesha. Kibali cha ndege hurudiwa kwa sekunde chache tu, mara nyingi kwa siku, na karibu kila mara hakuna kosa lolote linalopatikana. Mtu mwenye haraka ataona ni muda uliopotea. Mimi nikiwa kwenye kiti cha dirishani, ukungu umetanda nje na sioni hata bawa, naona hizo ndizo sekunde zilizotumika vizuri kuliko zote.

Basi kwa leo niishie hapo. Aliye na hoja ya kunipinga ailete, nitaisoma. Lakini kabla ya kunijibu, fungua programu uliyoandika mwisho na utafute ni wapi inapochagua ya kwanza kwenye orodha bila kuuliza.